Kiapo cha Kwaresima na Komba wa Mshangano

Notburga Komba alianza kubishana na walimu wa jiografia akiwa darasa la nne. Mwalimu aliuliza wanyamapori wanaishi wapi, darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba wanaishi mbugani. Notburga akanyoosha kidole, akasema wengine wanaishi darini kwa bibi yake kule Bombambili, na kwamba juzi mmoja wao alikojolea kitanda cha wageni. Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akamwambia akae chini, naye akakaa huku amenuna, maana alichosema kilikuwa kweli tupu na mgeni mwenyewe angeweza kutoa ushahidi.

Safari yake yote ya usomi, ukiitazama vizuri, ni kule kununa kulikopewa vyeti. Alinuna sekondari, ambako mtihani ulitaka utaje hifadhi za taifa na hakuna aliyeuliza habari za nguchiro wanaovuka barabara ya Bombambili asubuhi, mkubwa mbele na wadogo nyuma, bodaboda na baiskeli zikiwapisha. Alinuna chuo kikuu, Dar es Salaam, wenzake walipogombania tembo na simba kwa ajili ya tasnifu zao, na profesa akamshauri kwa upole atafute mnyama mwenye wafadhili. Notburga akamchagua komba, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa na mkia wa manyoya, anayelia kama mtoto mchanga na kusingiziwa kila kitu.

"Komba wa wapi?" profesa akauliza.

"Wa Songea mjini. Wanaoishi kwenye miparachichi ya watu."

"Na wewe ubini wako ni nani vile?"

"Komba."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Songea akina Komba wamejaa tele na hakuna anayewauliza habari za mnyama. Lakini Komba aliyeamua kusomea komba alikuwa amewarahisishia watu kazi, na utani huo ulimfuata kila alikokwenda. Mwishoni aliuzoea, akawa anautanguliza mwenyewe ili watu wamalize kucheka mapema na kazi ianze.

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi kueleza. Majirani walimuuliza mama yake, Mama Ludovika, binti anasomea nini huko Dar.

"Jiografia."

"Ya wapi?"

"Ya Songea."

"Si amezaliwa hapahapa? Bado hajaijua?"

Mama Ludovika alimjibu kwa jicho, na jicho hilo lilitosha kumkumbusha jirani kwamba ameacha chungu jikoni. Mama huyo hakuelewa hata nusu ya alichokuwa akisoma mwanawe, lakini alikuwa amekwisha kupigana vita kwa ajili yake na hakuwa na mpango wa kushindwa na maswali ya majirani. Notburga alipomaliza kidato cha nne, baba zake wadogo na wakubwa walikaa kikao sebuleni wakaona elimu hiyo inatosha, na kwamba kuna kijana wa Namtumbo, mkulima mzuri wa tumbaku, ambaye ameonyesha nia. Mama Ludovika alitoka jikoni akasimama mlangoni, mwiko mkononi, unga wa ugali ukimdondoka. Akasema mtoto anakwenda kidato cha tano, na mwenye mawazo mengine aingie jikoni ajipikie. Ilikuwa saa nane mchana na wazee walikuwa na njaa. Kikao kiliishia hapo.

Baadaye Notburga alipata nafasi ya kusoma Ujerumani, na huko ndiko kununa kulikopungua kidogo. Jioni moja, akisubiri basi katikati ya jiji, alimwona mbweha amekaa pembeni ya kituo, ametulia, na watu wanaendelea na simu zao. Akauliza, akaambiwa mbweha hao wapo jiji zima na kuna watu wazima wamepata uprofesa kwa kuwafuatilia kwenye majalala. Usiku huohuo akampigia mama yake.

"Mama, huku wanyama wanaishi mjini na watu wanapewa udaktari kwa kuwaangalia."

"Basi waangalie harakaharaka urudi," mama akasema. "Baba yako anakuulizia."

Akawaangalia, akarudi, akawa Daktari Notburga Komba, mhadhiri katika chuo kimoja mjini Songea. Alikaa Bombambili katika nyumba ileile ya bibi, na wapangaji wa darini walikuwa bado wapo. Kila alipopata nafasi alipanda bodaboda kwenda Mshangano, pembezoni mwa mji, ambako wazazi wake walikuwa wamehamia. Huko mahindi yanaanzia pale kibaraza kinapoishia, na nyuma ya nyumba kuna bonde lenye kijito, miti na vichaka vikubwa vya mianzi. Katika bonde hilo ndiko alikofanyia utafiti wake kwa miaka mingi. Alijua komba wanalala mti gani mchana, wanapita waya upi wa umeme kuja kwenye nyumba za watu, na nani ni mtoto wa nani. Kulikuwa na jike mmoja mzee mwenye sikio lililochanika ambaye wenzake wote walimpisha, na Notburga alimpenda zaidi ya inavyoruhusiwa kwa mtafiti.

Sasa, mwenye bonde la mianzi huku kwetu ana kazi moja kubwa wakati wa masika, nayo ni ulanzi. Mgema anakata ncha ya mwanzi mchanga, anaufungia kikopo kilichotengenezwa kwa pingili ya mwanzi mzee, na utomvu unadondoka tone kwa tone. Asubuhi na jioni lazima arudi achonge tena ile ncha, la sivyo inakauka na msimu umekwisha. Alfajiri ulanzi ni mtamu, mwepesi, mtoto anaweza kunywa. Kufikia jioni umeshaanza kuchangamka, na kesho yake ni kinywaji cha watu wenye uzoefu. Mzee Romwaldi, baba yake Notburga, fundi bomba mstaafu, alikuwa mmoja wa wagema hodari wa bonde hilo.

Mke wake, kwa upande mwingine, alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa huo. Mwaka huo Mama Ludovika aliona waumini wake wamezidi, akakata kauli. Jumatano ya Majivu aliwapanga wanajumuiya wote mbele ya paroko, wanaume kwa wanawake, wakala kiapo kwamba pombe hawataigusa mpaka Pasaka. Yeye mwenyewe aliapa wa kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi nje. Wanaume walimeza mate, wakaapa.

"Na mianzi je?" Mzee Romwaldi aliuliza walipofika nyumbani. "Mwanzi hausubiri Pasaka, mke wangu. Nikiuacha unakauka."

"Gema," akajibu mkewe. "Wauzie wasio wa jumuiya. Kidole chako tu kisifike mdomoni."

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani ziliingia kwa pamoja. Muhsini, mtendaji wa kata, ambaye naye alikuwa kwenye funga yake, alisema hajawahi kuona Mshangano imetulia namna ile, na kwamba ingefaa iwe hivyo kila mwaka. Utulivu huo haukufika mbali. Wagema walianza kukuta vikopo viko nusu. Vingine vilikuwa vitupu kabisa, vimelambwa. Nani anakunywa? Watu wameapa mbele ya paroko, kwa hiyo watu hawanywi. Wasio wa jumuiya wananunua, hawana haja ya kuiba. Anabaki nani? Na hapo kila mtu akakumbuka jinsi tunavyomsema mlevi tangu zamani, kwamba amelewa kama komba, na kesi ikawa imekwisha hata kabla mshtakiwa hajaamka.

Aliyekuwa na uchungu zaidi ni Aidani, mgema mwenye mianzi mingi kuliko wote, mtu mnyoofu, mwenye sauti kubwa na imani kubwa. Yeye kiapo chake alikishika kama roho yake, na kuona mnyama anafaidi wakati yeye amekauka koo kulimtia hasira ya kweli. Akaja na wazo: ndizi mbivu, zipakwe sumu ya panya, zitundikwe kwenye mianzi yote. Wazo likapendwa. Muhsini akaitisha mkutano Jumamosi, watu waamue kwa pamoja.

Notburga alizisikia habari hizo kwa baba yake mwenyewe, tena akizisimulia kwa furaha.

"Baba, ukiweka sumu bonde lile utaua komba wote. Na fungo, na ndege, na paka wako."

"Paka hali ndizi."

"Panya aliyekula ndizi analiwa na nani?"

Mzee alimtazama paka wake, akakuna kichwa. Lakini alisema wenzake wameshaamua, na kwamba yeye hawezi kusimama peke yake kumtetea mwizi.

Notburga hakulala vizuri. Mkutano ukikubali, ikifika Pasaka hakutakuwa na komba hata mmoja Mshangano, yule bibi wa sikio lililochanika akiwa wa kwanza, kwa sababu ndiye anayetangulia kwenye chakula. Kazi ya miaka yake yote ingebaki kuwa historia ya wanyama waliokuwepo. Njia ilikuwa moja tu, kuthibitisha nani anakunywa. Akachukua kamera zake za kutega, zile zinazopiga picha zenyewe kitu kikipita, akaomba ruhusa kwa Muhsini, akaenda kwenye jumuiya akawaeleza wote: zitafungwa kwenye mianzi, zitapiga picha wanyama usiku na mchana. Watu wakaitikia vizuri. Mzee Romwaldi alikwenda kuichungulia moja jioni, akapunga mkono mbele yake, akasubiri mwanga, mwanga haukutoka. Akarudi akimwonea huruma mwanawe.

"Kamera zako mbovu," akamwambia. "Hazimuliki."

Hazimuliki kwa sababu zinaona gizani bila taa, lakini Notburga alikuwa na haraka na hakueleza. Habari kwamba kamera za daktari ni mbovu ilitembea Mshangano yote kabla hajafika Bombambili.

Alhamisi asubuhi alikusanya kadi zote za kumbukumbu kutoka kwenye kamera, akajifungia ofisini chuoni na kikombe cha chai, akaanza kuangalia. Komba walikuwepo. Walikuja kundi zima, wakadaka nondo na wadudu waliofuata utamu wa utomvu, wakalamba matone yaliyoruka pembeni ya vikopo, wakaondoka. Jike la sikio lililochanika liliingiza pua ndani ya kikopo mara moja, likapiga chafya, likajitoa. Fungo alipita. Nguchiro walipita mchana. Notburga alikuwa anatabasamu peke yake, mpaka pale alipoona mkono.

Ulikuwa mkono wa mtu mzima mwenye saa. Ulishika kikopo, na picha iliyofuata ikaonyesha kikopo kimeinuliwa na koo limenyooka. Akafungua kadi nyingine: mweka hazina wa jumuiya. Nyingine: mwanakwaya wa sauti ya nne, akiangalia huku na huku kama kuku aliyeona mwewe. Chai ikapoa. Notburga alicheka mpaka mwenzake wa ofisi ya pili akagonga ukuta. Kisha akafungua kadi ya mianzi ya baba yake, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Alikuwa mama yake. Alfajiri, kitenge cha akina mama wa parokia kimefungwa vizuri, rozari shingoni, yuko njiani kwenda misa ya kwanza. Amesimama chini ya mwanzi, amefumba macho, anakunywa kama mtu anayesali. Na si siku moja. Juu yake, kwenye mwanzi uliopinda, jike la sikio lililochanika lilikuwa limekaa limemwinamia, macho mawili yakiwaka kama taa, linasubiri amalize.

Siku hiyohiyo mchana Notburga alikuwa jikoni Mshangano. Mama yake alikuwa anachambua likolo, mboga ya majani ya maboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, likolo hili ni jingi, nisaidie."

Notburga akakaa kwenye kigoda, akachukua majani, akayachambua. Aliyemfundisha kusema ukweli ndiye huyuhuyu aliyekaa mbele yake, kwa hiyo akausema. Mama yake hakushtuka. Aliendelea kuvua nyuzi za majani, moja baada ya nyingine, kwa utulivu mkubwa.

"Ulisema zinapiga picha wanyama," hatimaye akasema.

"Zinapiga chochote kinachopita, mama."

"Hukusema hivyo." Akaweka jani chini. "Halafu mimi niliapa pombe. Ulanzi wa alfajiri si pombe. Ni mtamu, kama togwa. Marehemu baba yangu alikuwa anatuamsha watoto wote tunywe kabla ya shamba."

"Baba haoshi vikopo vyake, mama. Mabaki ya jana yamo humohumo, yameshachacha."

Mama Ludovika akafikiria jambo hilo, na kwa namna alivyotazama pembeni ilionekana amelifikiria pia siku zilizopita. Kisha uso ukambadilika. Notburga hakuwahi kumwona mama yake akiogopa, na hakupenda kumwona hivyo.

"Nimewasimamisha watu mbele ya paroko, Burga. Nimewaapisha mimi. Picha ile ikionekana sitaweza kusimama tena mbele ya mtu yeyote hapa."

"Sionyeshi picha ya mtu bila yeye kukubali. Ndiyo sheria ya kazi yangu, na niliikubali kwa sahihi."

"Basi mimi sikubali."

"Sawa, mama."

Wakamaliza kuchambua majani. Akapanda bodaboda kurudi Bombambili akijua kwamba sheria ile aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwa majivuno ndiyo itakayowaua komba wake. Alikuwa na hasira na kila mtu, na hakuwa na wa kumlaumu hata mmoja.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa ofisi ya kata. Muhsini alifungua kwa salamu za dini zote, akawaomba wasemaji wawe wafupi, maana wengine humo walikuwa na funga ya kutokunywa hata maji. Aidani akasimama, akaeleza vikopo vyake vitupu, akaeleza ndizi, akaeleza sumu. Watu wakapiga makofi. Notburga akapewa nafasi, akapitisha mkono kwa mkono picha za komba alizokuwa amezichapa. Hawa hapa wanakamata wadudu. Hawa hapa wanalamba matone. Huyu hapa anapiga chafya. Akawaambia kwamba mnyama huyu hawezi kumaliza kikopo hata kimoja, achilia mbali vya bonde zima.

"Daktari anatetea ukoo," mtu akasema nyuma, na watu wakacheka.

"Natetea," Notburga akakubali. "Ila picha ni za kamera, si za ukoo."

"Basi nani anakunywa?" Aidani akauliza. Hakuwa na hila. Alitaka kujua.

Notburga alikuwa ameshika bahasha kifuani. Akavuta pumzi.

"Kamera zimeona," akasema. "Picha zipo humu. Lakini ni picha za watu, na siruhusiwi kuonyesha picha ya mtu mpaka mwenyewe aridhie. Kwa hiyo naomba, aliyepita kwenye mianzi alfajiri na anaridhia picha yake ionekane, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mweka hazina alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Sauti ya nne ya kwaya ilikuwa imegeukia milima ya Matogoro kana kwamba inaiona kwa mara ya kwanza. Muhsini, uso mkavu, akarudia swali: kuna anayeridhia? Hakuna. Na kwa dakika moja Notburga aliamini ameshinda.

Lakini Aidani hakuwa kwenye picha yoyote, ndiyo shida ya kushindana na mtu safi. Aliangalia huku na huku, akaona hakuna mkono, akafikia uamuzi ambao mtu mnyoofu angeufikia.

"Hakuna picha humo," akasema. "Kamera zenyewe zinajulikana ni mbovu. Toa hata moja, daktari. Moja tu, na mimi nakaa."

Notburga akaibana ile bahasha kifuani. Ilikuwa ikimuunguza mikono. Hakumtazama mama yake, aliyekaa safu ya mbele na akina mama wenzake, kwa sababu alijua akimtazama atalia.

"Basi tupige kura," Muhsini akasema, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kusema hivyo. "Wanaotaka sumu itumike..."

"Subiri, mtendaji."

Mama Ludovika alikuwa amesimama. Alijirekebisha kitenge, akapita mbele taratibu mpaka alipokuwa mwanawe, akageuka akawatazama watu wake wote.

"Yangu ionyeshwe," akasema. "Nakubali." Kisha akamgeukia Notburga na kupunguza sauti, ingawa walimsikia mpaka nyuma. "Ila nipe kwanza niione."

Notburga akaitoa. Mama yake akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mbona sina rangi?"

"Gizani ndivyo inavyoona, mama."

"Na huyu aliye juu yangu ni nani?"

"Anasubiri zamu yake," akasema Muhsini, aliyekuwa anachungulia, na funga yake yote ikaishia kwenye kicheko alichoshindwa kukizuia. Picha ikapita mkono kwa mkono, na kicheko kikapita nayo, safu kwa safu. Katikati ya vicheko mkono mmoja ukanyooka, wa mweka hazina. Ukafuata wa mwanakwaya. Ikafuata mingine ambayo hata kamera haikuwa na habari nayo. Mzee Romwaldi alikuwa ameishika picha ya mkewe kwa mikono miwili.

"Kwaresima nzima namtukana mnyama wa watu," akasema taratibu.

Aidani alisimama muda mrefu akiitazama ile mikono. Kisha akakaa kama alivyoahidi. "Mimi ugomvi wangu ulikuwa na komba," akasema. "Na akina mama siwezi." Hakuna aliyetaja tena ndizi.

Mama na binti walirudi nyumbani kwa miguu, kupitia njia ya mahindi. Notburga alijikaza mpaka walipoipita nyumba ya mwisho, akashindwa, machozi yakamtoka.

"Kwa nini, mama? Ulisema hutaweza kusimama mbele yao tena."

"Nilisema hivyo." Mama Ludovika akasogeza bua la mahindi lililoinamia njia. "Ile siku ya baba zako wadogo nilikuwa na mwiko mkononi. Leo nilikuwa sina. Nikasimama hivyohivyo."

Jumuiya ilikaa na kuamua kwamba walionyoosha mikono wote wafagie kanisa kila siku mpaka Pasaka. Mama Ludovika ndiye aliyependekeza adhabu hiyo na ndiye aliyeisimamia, ufagio mkononi, na hakuna aliyeona kwamba amepungukiwa na mamlaka. Kanisa halikuwahi kung'aa namna ile. Makala ya Notburga nayo ilichapishwa katika jarida la nje, pamoja na picha, kwa ridhaa ya maandishi na sharti kwamba jina la mama yake litajwe lote kwenye shukrani. Wahakiki walimrudishia swali moja tu: yule mnyama mkubwa aliye chini katika picha ni wa aina gani? Akajibu kwamba ni mama yake mzazi. Mwaka huo akapandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi, na komba wa Mshangano bado wanapita kwenye waya wa umeme kila jioni.

Baada ya Pasaka alikwenda kubadilisha kadi kwenye mianzi ya baba yake. Picha za mwanzo zilikuwa za Mzee Romwaldi mwenyewe, bado giza, na ndoo ya maji. Alikuwa anaosha kikopo. Alikisugua ndani, akakisuuza, akakimwaga, akakisuuza tena, kisha akakifunga kwenye mwanzi wa chini kabisa, ule ambao mtu mfupi anaufikia bila kujinyoosha. Picha zilizofuata zilikuwa za alfajiri, za kitenge cha parokia.

Notburga aliifungua kamera ile kwenye mwanzi, akaihamishia ng'ambo ya kijito.